Mfuko Chini ya Kiti

Mwinyikondo hakujua kilichomo.
Alibinya matairi, akapima uzito kwa mkono mmoja,
akasema: hii ya milimani, ya Wafaransa, laki tatu.
Nikasema laki mbili.
Akaapa kwa mamaye, nikaapa kwa mifuko yangu,
tukaachana kwenye mbili na nusu, kengele nyongeza,
na kengele haijalia mpaka leo.

Nyumbani Tabata, nikisugua matope ya nchi nisiyoijua
(ya kijivu, yamekauka kama uji sufuriani),
nikafungua mfuko mdogo chini ya kiti:
kiraka cha tyubu, sarafu mbili za kigeni,
na ramani iliyokunjwa mara nane
mpaka mikunjo yake imekuwa mito.
Kijiji, kanisa, kijiji, kanisa,
vilima vimechorwa kama alama za vidole,
na penseli imepita katikati
kwa mwandiko wa mtu anayetweta.

Nikampelekea Tabitha Mwakyoma wa chumba cha uani,
aliyewapikia Wafaransa Masaki miaka tisa
akatoka na lugha yao na mgongo mbovu.
Akavaa miwani, akasoma kama asomaye dawa:
"Hapa mbwa mwekundu. Usisimame."
"Hapa bomba. Maji baridi, bure."
"Hapa shuka, sukuma, usione haya."
"Hapa ajuza anauza jibini, hana chenji."
Penye daraja akanyamaza.
Neno moja tu. Akasema limefutika.
Halikufutika. Nami nina macho.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
nikafunga pindo la suruali kwa kipande cha mpira.
Ukonga. Gongo la Mboto bado inapiga mswaki.
Malori ya kokoto yakanipa upepo nisiouomba.
Kupita Pugu nikaiacha lami, nikashika njia ya mchanga,
ramani nimeibana juu ya usukani
kama mwendawazimu.

Mbwa alikuwepo.
Si mwekundu, ila kwa vumbi lile nani angebisha.
Sikusimama.
Bomba lilikuwepo, na mama mwenye ufunguo,
shilingi mia kwa ndoo;
akanitazama nilivyolowa, akasema kunywa tu.
Kilima kikaja. Mnyororo ukaguna gia ya mwisho,
nikashuka, nikasukuma.
Haya niliiona: watoto wawili walinisindikiza
wakihesabu hatua zangu kwa sauti.

Juu, miti imeshikana mabega.
Udongo mweupe wa machimbo ya zamani umepaka njia,
nikawaza theluji, kisha nikajicheka:
theluji niijuayo ni ya friji ya Tabitha.
Treni ya umeme ikapita bondeni bila kuniamkia,
na mbali huko maghorofa ya mjini
yamechomekwa kwenye ukungu kama vijiti vya kiberiti.

Mwenye mwandiko, popote ulipo,
magoti yalikushinda? Ulihamia ghorofani?
Nani aliipakia kontenani baiskeli yako
asipekue mfuko?

Jibini sikupata. Nilipata muhogo wa kuchoma
kwa binti aitwaye Sikudhani, naye hana chenji.
Nikaazima kalamu yake ya madeni,
kando ya kanisa la tatu nikaandika:
"Hapa muhogo. Pilipili kali. Uje na mia mia."

Kurudi ni mteremko, mtu husahau alivyolia kupanda.
Kuna kidaraja cha magogo
nilichokipita asubuhi bila kukiona.
Safari hii nikafunga breki.
Maji ya kufulia leso, si zaidi.
Nikalitoa lile neno, herufi sita,
nikalisoma kwa sauti vile nijuavyo mimi kusoma,
silabi kwa silabi, kama mtoto wa chekechea.
Chura akanyamaza. Kisha akaendelea.

Jioni Tabitha akauliza: ulifika?
Nikamwambia, mpaka darajani.
Akachukua miwani yake mezani,
akaifuta kwa kanga, akaifuta tena,
hakuivaa.